Viazi vya Rolande, Meza ya Ghislaine

Wexcombe, Maine
Jumapili, 4 Septemba 2011

Dada Rolande,

Hamjambo hapo nyumbani? Goti la shemeji Léandre limeamua nini mwaka huu, litavuna au litakaa kwenye kiti na kutoa amri? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba nimeinua masufuria ya watu wengine maisha yangu yote. Bado naishi vyumba vilevile juu ya duka la viatu, na bado napika kwenye bwalo la chuo. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani mbaya sana. Ungeiona ungecheka.

Sasa sikiliza, na usinicheke mimi. Nimefungua meza. Kila Ijumaa naiweka nyuma ya bwalo, kwenye mlango wa kushushia mizigo, na juu yake naweka mboga mbichi za mashamba ya hapa kwetu. Mwanafunzi anayehitaji anachukua, haulizwi kitu. Watu wanadhani kila anayesoma chuoni ameshiba. Dada, nimewaona kwa macho yangu wanavunja tambi kavu za pakiti na kuzitafuna kama bisi, halafu wanarudi kwenye vitabu. Na wale wanaomudu kula bwaloni wanakula nyanya zilizosafiri nchi nzima, ukiangusha moja inadunda. Huku sisi tumezungukwa na mashamba.

Mkuu wa jiko amekubali, mradi nisiguse stoo yake. Wakulima wa jirani wananipa boga moja leo, vitunguu viwili kesho. Hazitoshi. Nakuomba viazi, karoti na kabichi, zile mnazoziacha kwa sababu zimepinda au ni ndogo. Binamu yetu Conrad anapita hapa na lori lake kila Alhamisi, atabeba.

La pili utalikunjia uso. Naomba sufuria ya chuma ya Mama. Nataka kuwachemshia hawa watoto maharage ya kweli angalau mara moja.

Mjukuu wako Mireille amefika. Nilimwona kwa mbali anaburuta sanduku. Anatembea kama wewe, kama mtu anayekwenda kugombana na mvua.

Mdogo wako,
Ghislaine

*

Grand Détour
Jumapili, 18 Septemba 2011

Mdogo wangu Ghislaine,

Sisi wazima. Goti linatoa amri, kama ulivyosema. Shule zimefungwa kwa ajili ya mavuno, watoto wa bonde zima wako mashambani, na jana mtoto wa jirani alilala usingizi ndani ya pipa la viazi wakamtafuta mpaka mama yake akaanza kulia. Kumekauka vizuri. Jalidi bado haijatupiga.

Nimekupa magunia ya kwanza, Conrad anayo. Si yale yaliyopinda. Nikitoa kitu kwa watoto wenye njaa sitoi takataka. Midomo ya magunia nimeishona kwa uzi mwekundu, mshono wa Baba. Usikubali mtu aukate kwa kisu. Unavuta ncha ya kushoto mara moja, unafunguka wote. Nadhani hujasahau, ingawa uliondoka siku nyingi.

Sufuria ya Mama haitoki jikoni kwa Mama. Mimi ndiye niliyemwogesha mpaka siku ya mwisho, na mkono wake wa mwisho wenye nguvu ulishika mfuniko wa ile sufuria. Tusirudie hilo.

Na usinipigie simu tena kama ulivyofanya mwezi wa sita. Sikio langu la kulia lilikufa na lile trekta la zamani, na la kushoto halitaki maneno ya kukatikakatika. Andika. Ukiandika nakusoma mara mbili.

Mireille vipi? Ametuletea kadi moja tu, picha ya mnara wa chuo, na maneno matatu nyuma. Mwambie Bibi yake anauliza. Chumba cha juu kiko tayari kwa ajili yake Sikukuu ya Shukrani. Baba yake, mwanangu Normand, hajaandika, na mimi simtarajii. Tangu alipohamisha familia kwenda Connecticut sisi na yeye tunasalimiana kwa baridi tu.

Dada yako,
Rolande

*

Wexcombe
Jumapili, 23 Oktoba 2011

Dada Rolande,

Salamu kwenu nyote, na kwa kuku pia. Huku majani yameisha kwenye miti yote na mwenye nyumba anasema mwaka huu atawasha joto mapema. Kila mwaka anasema hivyo.

Viazi vyako vimefanya maajabu. Ijumaa ya kwanza walikuja wachache, wanaona haya, wanajifanya wanapita tu. Ijumaa iliyofuata foleni ilizunguka kona. Wengi wao hawajui kitu, Rolande. Kijana mmoja wa Texas alichukua tanipu akaniuliza kama inaliwa pamoja na maganda yake. Binti mwingine alishika kabichi kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto wa mtu, akaniuliza inafunguliwa wapi. Na bwenini hawana jiko, wana oveni ndogo ya umeme tu, ya kupashia chakula. Kwa hiyo nawafundisha hapohapo mezani: kiazi kwenye kikombe na maji kidogo, karoti zilizokatwa nyembamba, kabichi na siagi. Juzi niliwakaangia ploye, zile chapati zetu nyembamba za bondeni, upande mmoja tu kama ipasavyo, na yule wa Texas akanisihi nizigeuze. Nikamwambia ageuze za mama yake.

Wananiita Bibi. Mwanzoni nilikataa, lakini sikukataa sana. Gazeti la chuo limenipiga picha, nakuwekea humu.

Mireille hajambo. Ananisaidia mezani kila Ijumaa. Ule uzi mwekundu anauvuta mara moja tu, gunia linafunguka, wenzake wanapiga makofi. Ana masomo mengi. Atakuandikia.

Mdogo wako,
Ghislaine

*

Grand Détour
Jumapili, 6 Novemba 2011

Ghislaine,

Tuko salama. Ghala limejaa. Léandre amekata kuni za kutosha kupasha joto kanisa.

Picha nimeiona. "Bibi wa Viazi." Umeshika kiazi changu juu kama umekizaa wewe, na nyuma yako magunia yangu yamepangwa, na katika maneno yote yaliyoandikwa chini hakuna hata moja linalosema yametoka wapi. Nimesoma mara mbili. "Mboga za mashamba ya jirani." Tangu lini mimi ni jirani? Kutoka hapa hadi kwako lori linakunywa tangi zima.

Sikutaka sifa. Sifa sizihitaji, nina kazi. Lakini nimeitazama ile picha wiki nzima na sitakudanganya, imenikaa kooni. Ni mgongo wangu uliovunjika, na ni wewe unayetabasamu. Una vijana wanaokupigia makofi kila Ijumaa. Mimi huku nina Léandre, na Léandre hajapiga makofi tangu harusi ya Normand.

Na Mireille anavuta uzi. Nani alimfundisha kuvuta uzi? Alikuwa mdogo, meno ya mbele yametoka, ameketi kwenye goti langu ghalani, nikaushika mkono wake na kumwonyesha. Nilimwandikia aje kwa Sikukuu ya Shukrani, nikamwambia Conrad atampitia. Amenijibu mstari mmoja: hataweza, ananipenda, samahani. Chumba cha juu Léandre alikuwa ameshakipaka rangi.

Unamwona kila wiki. Ana nini?

Rolande

*

Wexcombe
Jumapili, 11 Desemba 2011

Dada Rolande,

Nisamehe kuchelewa. Theluji, mafua, na mitihani ya wanafunzi, ambapo bwalo linageuka kituo cha wagonjwa. Natumaini goti la shemeji limeipokea baridi vizuri. Nimewatumia soksi kwa Conrad. Zile ndefu ni zako.

Kuhusu gazeti, uko sahihi. Nilimwambia yule kijana mwandishi jina lako na jina la kijiji. Hakuliandika. Ningeweza kumfuata na kudai, sikumfuata. Ijumaa iliyopita nimebandika karatasi mezani yenye jina lako kwa herufi kubwa.

Siku ya Shukrani Mireille alikula kwangu. Nakwambia mimi mwenyewe kwa sababu Conrad atakwambia hata hivyo. Tulikula kuku, si bata mzinga, na viazi vyako. Alilala kwenye kochi.

Usiniulize kwa nini hakuja kwako. Nimempa neno langu, na nikikujibu nitalivunja. Ninachoweza kukwambia ni kwamba si kwa sababu hakupendi. Zaidi ya hapo usinisukume, tafadhali.

Mdogo wako,
Ghislaine

*

Grand Détour
Jumapili, 15 Januari 2012

Ghislaine,

Wazima. Soksi zimefika.

Umeona lori la Conrad linakuja bila magunia Alhamisi mbili sasa. Nilimwambia akueleze kwamba mlango wa ghala umeganda. Mlango haujaganda. Unafunguka kwa kidole.

Nitasema bila kuzunguka, kwa kuwa wewe unazunguka vya kutosha kwa sisi wawili. Nina wivu. Nina wivu mpaka nikiosha vyombo navigonga. Mjukuu wangu yuko na siri, na siri ameipeleka kwako. Amelala kwenye kochi lako wakati kitanda nilichomtandikia kimekaa na shuka zake mpya. Halafu unaniambia kwa upole, kama daktari, nisikusukume. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Ghislaine, na mimi si mtoto.

Wewe hukuzaa. Sikulaumu kwa hilo, lilikuwa lako. Lakini usichukue wangu akiwa ameshakua, ameshaota meno, ameshafundishwa kuvuta uzi. Watoto mia wanakuita Bibi huko. Mmoja tu ndiye wangu. Huyo nirudishie.

Viazi vitakuja nikitaka.

R.

*

Wexcombe
Jumapili, 12 Februari 2012

Rolande,

Sitauliza goti la mtu leo.

Barua yako nimekaa nayo karibu majuma manne. Niliandika majibu nikayachana, na majibu mengine nikayachana. Hili nitalituma lilivyo.

Unaniambia wewe una wivu. Basi nikwambie wa kwangu, maana ni mkubwa kuliko wako na nimeulea kwa muda mrefu zaidi. Ulibaki na shamba. Ulibaki na Mama. Unasema ulimwogesha mpaka siku ya mwisho kama vile alikuwa mzigo tu. Mimi ningetoa chochote kumwogesha hata mara moja. Mlinipigia simu akiwa ameshafunikwa. Ulibaki na sufuria, na mume anayepaka chumba rangi bila kuambiwa. Ulizaa mtoto, ukagombana naye, na hata ugomvi huo nimeuonea wivu, maana ni lazima uwe na mtu ndipo ugombane naye. Mimi nimekuwa na mwiko wa watu wengine, na sasa, uzeeni, nina meza ya kukunja. Meza. Na hiyo nayo inakuuma.

Ijumaa tatu wanafunzi wameniuliza viazi viko wapi. Nimewaambia barabara ya kaskazini imefungwa na theluji. Nimedanganya ili jina lako lililobandikwa mezani lisidharauliwe. Mireille alikuwa amesimama pale na anajua barabara iko wazi. Alichukua karoti mbili zilizobaki akaondoka.

Nilibandika jina lako, Rolande. Bado liko.

G.

*

Grand Détour
Jumatano, 2 Mei 2012

Ghislaine,

Salamu kutoka kwa Léandre. Theluji imeondoka mapema na mto umepungua.

Najua magunia yamekuwa yakikufikia tangu Machi. Si mimi niliyeyatuma. Ni Léandre, anapakia nikiwa kanisani, na anayashona kwa uzi mweupe kama mtu anayeshona jeraha la ng'ombe. Nilijua tangu wiki ya kwanza, nikanyamaza. Usimshukuru, ataona haya.

Leo nimeshuka mwenyewe ukingoni mwa mto kuchuma machipukizi ya kangaga, ile mboga ya porini, pale chini ya miti ya Baba ambapo yanatoka mapema kuliko mahali pengine popote. Madogo, bado yamejikunja, kijani kabisa. Nimempa Conrad mfuko mmoja, na nimemwambia aupeleke mkononi kwa Mireille, mlangoni pa bweni lake. Mfuko usipite mezani kwako. Usimkasirikie Conrad, anafanya nilivyomwagiza.

Nataka ale kitu kimoja mwaka huu kilichotoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwake, bila mtu mwingine kusimama katikati.

Rolande

*

Wexcombe
Jumapili, 6 Mei 2012

Dada Rolande,

Mireille ni mzima. Naanza na hilo kabla ya salamu, ili usome mengine ukiwa umekaa.

Mfuko wako ulimfikia Alhamisi jioni. Alifurahi mno, aliwaita wenzake wawili wa chumbani, akawaambia haya yanatoka kwa Bibi yangu, nyinyi hamjawahi kula kitu kama hiki. Wakayasuuza, wakayaweka kwenye oveni yao ya kupashia kwa dakika mbili, wakatia chumvi, wakala yote. Kabla ya mapambazuko wote watatu walikuwa sakafuni msalani wanatapika matumbo yao. Nesi wa chuo aliwapa maji ya chumvi na sukari. Jana walikunywa mchuzi wangu, leo wanacheka.

Hukumwandikia yachemshwe. Najua kwa nini. Hakuna mtu bondeni anayemwambia mwenzake achemshe machipukizi mpaka yalainike na kumwaga maji yake. Ni kama kumwambia mtu amenye yai. Nami pia nisingekumbuka kusema, ila yangepitia mezani kwangu ningeyachemsha tu, mkono ungefanya wenyewe. Mireille aliondoka bondeni akiwa bado mtoto. Amewahi kuyala kwako, tayari yamelainika, na siagi juu.

Ijumaa asubuhi habari zilishaenea kwamba meza ya Bibi imewatia watu sumu. Mkuu wa jiko alinikataza kuifungua, na mchana niliitwa ofisini. Walikuwa wameshaandika tangazo la kuifunga kabisa. Nilikuwa bado nalisoma, mlango ukafunguliwa, Mireille akaingia, uso mweupe kama unga, anashikilia ukuta. Akawaambia: "Hayakutoka mezani. Yametoka kwa Bibi yangu mwenyewe, na kosa ni langu, sikuuliza yanapikwaje." Halafu akaketi sakafuni. Meza imeachwa. Ijumaa ijayo wanaifunga kusubiri maneno yatulie, na ya tarehe kumi na nane itakuwa ya mwisho kabla ya likizo.

Nimekaa naye jana kutwa, na ameniruhusu nikwambie lile nililolificha.

Normand alipoteza kazi mwezi wa nane, siku chache kabla ya binti yake kuja chuoni. Mireille aliacha kulipia chakula cha bwalo ili wadogo zake wasikose, na nyumbani hakumwambia mtu. Mwishoni mwa Septemba alikuja mezani kwangu, Rolande, si kunisaidia. Alikuja kwenye foleni. Kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, sikumtambua. Alichukua viazi viwili. Kisha akaona gunia lililokuwa halijafunguliwa, akaona ule uzi mwekundu, akasimama pale pale, akaanza kulia. Ndipo nikauona uso wake.

Aliniapisha nisikwambie. Unakumbuka uliyomwambia Normand uani siku wanapakia gari? Mireille alikuwa kiti cha nyuma, dirisha liko wazi. "Nendeni. Iko siku mtakuja kula viazi vyangu, njaa ndiyo itakayowaleta." Ameyabeba maneno hayo tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Na ndiyo hayo yaliyotimia, kiazi kwa kiazi, na hakutaka ujue. Hakuja Sikukuu ya Shukrani kwa sababu aliogopa ungemtazama ukajua amekonda.

Nilitaka kukwambia kila Jumapili. Na nikiri basi, kulikuwa na sehemu yangu iliyofurahi kwamba kwa mara moja siri ya nyumba hiyo ilikuwa kwangu.

Mdogo wako,
Ghislaine

*

Grand Détour
Jumatano, 9 Mei 2012

Ghislaine,

Nimesoma.

Nakuja na Conrad Alhamisi ya wiki ijayo. Nitalala kwako. Ijumaa nitasimama mezani, pembeni, si katikati. Mtu akiuliza mimi ni nani, mwambie ni yule anayelima viazi. La zaidi ya hapo atalisema Mireille akitaka, na asipotaka, basi.

Nakuja na sufuria.

Rolande

*

Grand Détour
Jumapili, 20 Mei 2012

Mdogo wangu Ghislaine,

Tumefika salama. Conrad aliimba njia nzima upande wa sikio langu bovu, kwa hiyo nilistarehe. Léandre anakusalimu. Kuku wako hai wote, ingawa amewalisha kama anawanenepesha kwa maonyesho. Ngazi zako za kijani ni mbaya kuliko ulivyoandika.

Maharage yako yalikuwa yamepungukiwa sharubati tamu ya mti wa maple. Nilinyamaza kwa sababu watoto walikuwa wanakula.

Kuna jambo uliniuliza nikakujibu uongo, nataka kulirekebisha. Uliporudi kutoka ndani na chumvi, uliniuliza mbona macho yangu mekundu, nikasema vitunguu. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja kwenye ile meza.

Unakumbuka Alhamisi usiku tulivyokula sote watatu na mtoto hakuinua macho kwenye sahani. Nilijua anajua kwamba najua. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, na nilipomwona nikamsogezea siagi tu. Ijumaa alisimama upande wako, kwenye karoti, mbali na mimi, na mimi nikasema moyoni, haya, ndiyo malipo yangu, nitagawa viazi nirudi nyumbani. Nilikuonea wivu vibaya pale, nakwambia kweli. Yule wa Texas alipokukumbatia nilitamani nimpige na mwiko.

Ulipoingia kutafuta chumvi, Mireille aliziacha karoti. Alichukua mfuko wa kitambaa, akatembea hadi mwisho wa foleni, akasimama kama wengine. Nilimwona. Niliendelea kugawa. Zamu yake ikafika. Nikamuuliza kama nilivyowauliza wote, unataka vingapi.

Akainua kidevu, hivi ninavyokiinua mimi, akasema kwa sauti yangu kabisa: "Nimekuja kula viazi vyako, Bibi. Njaa ndiyo iliyonileta."

Halafu akaufungua mfuko, akasubiri.

Nilimjazia. Nilimjazia mpaka kishikio kikakatika, viazi vikaviringika chini ya meza, na sisi wawili tukaingia chini ya meza kuviokota, mimi na magoti yangu haya. Foleni ilisimama. Tulikaa huko chini muda kidogo. Tuliyozungumza chini ya meza ni yetu. Sikwambii, na usimuulize. Wewe ulikaa na siri yako majira ya baridi yote, na mimi sasa nina ya kwangu.

Jana nilimpigia Normand simu, kwa sikio la kushoto. Sikusikia nusu ya alichosema. Mimi nilisema nililopaswa, na alilisikia, kwa sababu hakukata simu, akaniuliza kama mto umeshuka. Magunia yake Conrad atayapeleka mwezi ujao.

Sufuria kaa nayo. Usiisugue kwa sabuni, ikaushe juu ya moto na uipake mafuta. Ni ya Mama bado, ila Mama alikuwa wako pia, na nilipaswa kukuita kabla hajafunikwa. Hilo halina vitunguu pia.

Usidhani wivu umeisha. Kati ya watoto wote wale waliokuwa wanakuita Bibi, kuna wawili walioanza kuniita Bibi wa Pili. Wa pili. Nimelala nikilifikiria hilo.

Mireille ameomba ruhusa chuoni, atakuja wakati wa mavuno, shule za huku zikifungwa. Ndani ya sufuria, chini ya mfuniko, nilikuachia kibunda cha uzi mwekundu. Naomba unirudishie kwa Conrad, nilikosea kukiacha. Magunia ya mwaka huu tutayashona mimi na yeye, ghalani, tumeketi karibu. Wewe kazi yako itakuwa kuvuta ncha.

Rolande,
Bibi yake Mireille